Nani Aliiweka Mbinga Mbali?

Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, mkulima wa Mkoa wa Ruvuma aliyepeleka gunia la mahindi kwenye kituo cha ununuzi cha serikali alilipwa bei ileile aliyolipwa mkulima wa Morogoro. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Kutoka Morogoro ni kama 200. Lori la Songea lilichoma mafuta na kumaliza matairi kwa safari ya siku kadhaa, lakini mkulima hakukatwa hata senti moja kwa ajili ya safari hiyo. Tofauti ilibebwa na shirika la umma la usagishaji, NMC, ambalo peke yake ndilo lililoruhusiwa kununua nafaka. Sera hiyo ilijulikana kama bei moja kwa nchi nzima.

Mwonyeshe mwanauchumi sera hii, swali lake la kwanza litakuwa: nauli hiyo alilipa nani? Mwonyeshe mwanajiografia, naye atauliza: Songea ilifikaje kuwa mbali kiasi hicho? Wote wawili wanasoma somo moja, jiografia ya uchumi. Wote wanataka kujua kwa nini viwanda, mazao, fedha na watu vinakaa pale vinapokaa. Lakini kwa zaidi ya karne moja wamekuwa wakipishana kama mabasi ya usiku, kila moja likiwasha taa kali machoni mwa mwenzake.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma kazi za pande zote mbili huku nikizipima kwa mahali pamoja: milima ya Umatengo wilayani Mbinga, na mwambao wa Ziwa Nyasa ulio chini yake, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay. Nilichagua huko kwa sababu ni pembe ya nchi ambayo kila ripoti huiita "ya pembezoni", na neno hilo hutumika kana kwamba ni hali ya hewa. Ninachoamini sasa ni kwamba kwa mwanauchumi umbali ni gharama anayoikuta tayari, wakati kwa mwanajiografia umbali ni kitu kilichotengenezwa na watu, kwa tarehe zinazojulikana. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka pale inapoamua nani apewe barabara na nani ashauriwe kuhama.

Ugomvi wenyewe unaanzia kwa babu mmoja. Mwaka 1826 Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba la Tellow kaskazini mwa Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu nchi ya kufikirika. Katikati pana mji mmoja. Kuuzunguka ni uwanda tambarare wenye rutuba sawa kila mahali, usio na mlima wala mto wa kupitisha mashua. Akauliza, katika nchi kama hiyo kila mkulima atalima nini? Jibu lilitoka kwa umbo la miduara. Karibu na mji kutakuwa na mboga na maziwa, kwa kuwa vinaharibika, kisha misitu ya kuni, kwa kuwa kuni ni nzito, kisha nafaka, na mwisho kabisa mifugo, kwa kuwa ng'ombe hujipeleka sokoni kwa miguu yao. Von Thünen hakuwa mwotaji. Alitunza hesabu za shamba lake kwa miaka, na nadharia yake ilitoka kwenye daftari hizo.

Ukipeleka miduara hiyo Mbinga, sehemu yake moja inafanya kazi vizuri mno. Kilo ya kahawa ina thamani ya kilo nyingi za mahindi, haiozi upesi ikikaushwa, na kwa hiyo inastahimili nauli ndefu. Haishangazi basi kwamba zao lililoiunganisha Mbinga na soko la dunia, kuanzia miaka ya 1920, lilikuwa kahawa. Mwaka 1936 wakulima wa Kingoni na Kimatengo walikuwa tayari na chama chao cha ushirika, NGOMAT, Wangoni wakileta tumbaku na Wamatengo wakileta kahawa. Tumbaku nayo ni nyepesi na ya bei. Mwanauchumi anaweza kueleza yote haya kwa mistari michache, na atakuwa sahihi.

Lakini panda mlimani uangalie kinachozunguka kahawa hiyo. Miteremko ya Umatengo imejaa ngoro, vishimo vilivyopangwa kwa mistari kama sega la nyuki, mamia kwa mamia, kuanzia ukingo wa kijito hadi karibu na kilele. Nyasi za shamba lililopumzishwa hufyekwa na kulazwa chini kwa mraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi hizo, zikawa matuta yenye mbolea ndani yake. Kwa mazoea, kufyeka na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, kuchimba na kufukia ni ya wanawake. Maharage hupandwa juu ya matuta mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, na mahindi hufuata msimu wa mvua unaokuja. Mvua kubwa ikinyesha, kila kishimo hushika maji yake na udongo wake, na mteremko mkali haumomonyoki.

Hapo ndipo miduara ya von Thünen inapokwama. Kilimo cha jasho jingi kama hiki, kwa hesabu yake, kilipaswa kuwa kando ya mji. Huku mwisho kabisa wa dunia palipaswa kuwa na malisho mapana na watu wachache. Ngoro ilikuwapo kabla ya soko lolote la kahawa, na chanzo chake kimo kwenye historia. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walikuwa wamejenga dola zao katika nchi ya Songea, na uvamizi wao uliwasukuma Wamatengo kwenye milima ya Litembo, yenye mapango na majabali ya kujificha. Watu wengi wakajikuta kwenye ardhi ndogo yenye mwinamo mkali. Hawakuweza kuhamahama na mashamba yao, ikabidi ardhi ileile iwalishe mwaka baada ya mwaka. Vita na mteremko ndivyo vilivyozalisha kilimo ambacho mwanauchumi angetarajia kukikuta jirani na jiji.

Wakoloni waliiona kazi hii. Mwaka 1938 ofisa mmoja, A. H. Pike, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu namna Wamatengo walivyohifadhi udongo, wakati sehemu nyingine za nchi watawala walikuwa wakiwalazimisha wakulima kuchimba matuta. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikaa vijijini Mbinga na kuonyesha kwamba huwezi kuielewa ngoro bila kuielewa ntambo: kipande cha mlima kati ya vijito viwili, chini ya ukoo mmoja, chenye nyumba, kahawa, ngoro na msitu ndani yake. Hiyo ni kazi ya aina ya mwanajiografia. Inachukua miaka, inachafua viatu, na mwisho wake hautoi fomula unayoweza kuipeleka Kigoma.

Sasa teremka ziwani. Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, kilomita 60 na ushee, inashuka kwa kona baada ya kona. Nilipoipita ikiwa na lami, abiria mmoja alisema kwamba zamani wakati wa masika safari ileile ililiwa na tope siku nzima. Kona ya mwisho inafunguka, unaona maji mpaka upeo wa macho, na ramani uliyokuwa nayo kichwani inageuka. Kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam hapa ni mwisho wa njia. Kwa mtu aliyeishi hapa mwaka 1890 palikuwa njiani.

Misafara ya biashara, ya pembe za ndovu na ya watumwa, ilivuka ziwa hili kwa majahazi kutoka Nkhotakota ng'ambo ya magharibi, ikatua mwambao wa mashariki na kuelekea Kilwa. Ilikuwa biashara ya kikatili, lakini iliufanya mwambao kuwa kiungo kati ya bara na pwani. Wajerumani walipotaka meli ya mvuke kwenye ziwa hili, hawakuipitisha Dar es Salaam. Vipande vya Hermann von Wissmann vilipita mdomo wa Zambezi, vikapanda mto Shire, vikaunganishwa na meli kushushwa majini mwaka 1893. Mlango wa mbele wa Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa jabali lake lenye umbo la ajabu, ulifunguka upande wa kusini. Wamisionari wa Kianglikana waliojenga makao yao kisiwani Likoma walihudumia mwambao huu kwa meli pia.

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliingia Liuli na kuipiga mzinga Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Tukio hilo husimuliwa kama kichekesho, lakini mimi huliona kama tarehe ya mlango kuanza kufungwa. Baada ya vita Waingereza walitawala pande zote mbili za ziwa, huku kila koloni likijenga njia zake kuelekea bandari yake. Nyasaland ilitazama Beira. Tanganyika ilitazama Dar es Salaam na Tanga. Mwambao wa Nyasa ukabaki mgongoni mwa makoloni yote mawili. Kilomita zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni upande ambao serikali ilikuwa inaangalia.

Katika mgawanyo huo Songea, ambayo wakati huo ilikuwa na Mbinga ndani yake, ilipewa kazi maalumu. Mwanahistoria John Iliffe ameeleza jinsi Tanganyika ya kikoloni ilivyogawanyika kuwa maeneo ya mazao ya biashara, maeneo ya kuyalisha, na maeneo ya kutoa vibarua. Songea ilikuwa miongoni mwa maeneo ya vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na malori yakachukua vijana kwa mikataba. Walioitwa manamba walijulikana zaidi kwa namba zao kuliko kwa majina yao. Kahawa iliwapa Wamatengo wengi njia ya kulipa kodi bila kupanda lori hilo. Majirani zao waliokosa zao la namna hiyo hawakuwa na nafasi ya kuchagua.

Baada ya uhuru, maswali ya wanauchumi na ya wanajiografia yaliwekwa kwenye kilima kimoja, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanauchumi walikuwa na Ofisi ya Utafiti wa Uchumi, ERB. Wanajiografia walikuwa na BRALUP, iliyoanzishwa mwaka 1967 kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi. Mmoja wa viongozi wake, Len Berry, alihariri kitabu cha ramani, Tanzania in Maps, kilichotoka mwaka 1971: mvua, udongo, watu, barabara, ukurasa baada ya ukurasa. Mpaka kati ya makundi haya haukuwa ukuta. Mwaka 1970 mwanajiografia Peter Gould alichapisha makala kuhusu Tanzania ya kati ya 1920 na 1963, akitumia takwimu na kompyuta kujumlisha vitu kama barabara, shule, hospitali na posta kuwa alama moja ya maendeleo kwa kila eneo. Ramani zake zinaonyesha visiwa vya mwanga vikikua Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Mwanza, na kusini ikibaki gizani. Zinasema pale mwanga ulipofika. Hazisemi ni nani aliyeshika swichi.

Bei moja kwa nchi nzima ilikuwa jaribio la kugusa swichi hiyo. Nayo ilifanya kazi. Mahindi, zao ambalo kwa nadharia ya von Thünen halikupaswa kusafiri kilomita 900, yalitoka Ruvuma kwa wingi, yakisaidiwa na mbolea ya ruzuku iliyouzwa pia kwa bei moja. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikajulikana kama mikoa minne mikuu ya chakula. Mkoa uliokuwa ukisafirisha vijana sasa ulisafirisha magunia.

Hapa ni lazima nimpe mwanauchumi haki yake, kwa sababu swali lake halikwepeki. Nauli ililipwa. Kwa sehemu ilimwangukia mkulima wa karibu na Dar es Salaam, aliyepata chini ya thamani halisi ya mahindi yake, akaona afadhali ayauze kwa njia za panya. Kwa sehemu iliingia kwenye madeni ya NMC, na madeni hayo yakaangukia benki ya umma na bajeti ya serikali. Mwanajiografia anayesifu sera hii bila kuifungua daftari hiyo anasimulia nusu ya hadithi.

Nusu nyingine ilikuja bei hiyo ilipoondolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali, ikiwa chini ya masharti ya mageuzi ya uchumi, iliachana nayo, na mapema miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondoka. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kwenye kahawa, na miaka hiyohiyo chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, kilichokuwa kikiwakopesha wakulima pembejeo, kikaanguka. Umbali ulirudi wote kwa siku moja, ukakaa mgongoni mwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo. Wakulima wengi walishuka kwenye nyika za miombo kufungua mashamba mapya, na milimani ikashika biashara inayoitwa magoma: mkulima anauza kahawa ikiwa bado mtini, miezi kadhaa kabla ya mavuno, kwa sehemu ndogo tu ya bei yake. Mwanauchumi akiona magoma anaona mkopo wenye riba ya kutisha, na anapendekeza benki. Mwanajiografia anaona kalenda: ada za shule zinadaiwa Januari, akiba ya chakula inapungua kabla ya mahindi kukomaa, na kahawa haivunwi mpaka katikati ya mwaka. Benki isiyoijua kalenda hiyo itafunguliwa na kufungwa.

Wakati Mbinga ikipitia hayo, wanauchumi wa dunia waligundua upya jiografia. Mwaka 1991 Paul Krugman alichapisha makala fupi yenye maeneo mawili tu ya kufikirika. Alionyesha kwamba kama kuzalisha kwa wingi kunapunguza gharama na nauli nayo ikishuka vya kutosha, viwanda na watu hulundikana upande mmoja na upande wa pili hubaki mashambani, hata kama mwanzoni pande zote zilikuwa sawa. Kazi hiyo ilichangia kumpa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Ina somo gumu kwa Mbinga: lami haileti viwanda lazima, pengine inavichukua. Mwanajiografia Ron Martin alimjibu mwaka 1999 kwamba katika hesabu hizo hakuna mahali halisi, hakuna historia, hakuna siasa.

Krugman mwenyewe alikuwa ameikaribia hoja hiyo kwa mfano wa ramani za Afrika. Ramani za zamani za Wazungu zilikosea vipimo, lakini zilijaza bara kwa habari za wasafiri. Vipimo vilipoboreka, pwani ikanyooka na katikati ikafutwa, kwa sababu habari zisizopimika hazikukubaliwa tena. Kwake huo ulikuwa mfano wa nadharia: unapoongeza ukali, kwa muda unapoteza ulichokuwa ukikijua. Nikisoma hapo hukumbuka kwamba ramani nyingi za Ulaya zilikuwa na ziwa liitwalo Maravi muda mrefu kabla ya Livingstone kufika Nyasa mwaka 1859. Wavuvi wa mwambao, bila shaka, hawakuwa wamelipoteza.

Mwaka 2009 Benki ya Dunia iliweka mawazo ya Krugman na wenzake kwenye ripoti yake ya maendeleo. Ripoti ilisema ukuaji wa uchumi hauwezi kuenea sawa, na kwamba ni bora kuwasaidia watu wasogee kwenye fursa kuliko kuzilazimisha fursa ziwafuate kila kona. David Harvey, mwanajiografia wa mrengo wa kushoto, aliishambulia kwa kusahau mtaji na madaraka. Kwa mtu wa Songea ushauri wa kuwafuata watu wa mbali na kuwahamisha si mpya. Uliwahi kuja na lori, mkataba na namba. Hilo halithibitishi kwamba kuhama ni kubaya. Vijana wengi wa Mbinga wamejenga maisha mazuri Dar es Salaam. Linathibitisha kwamba kuhama nako kuna historia, na historia hiyo ilikuwa na mwajiri.

Leo umbali wa Mbinga unatengenezwa tena mbele ya macho yetu. Vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya nishati mwaka 2022, makaa ya mawe ya Ngaka, mzigo mzito kuliko wowote ambao von Thünen angeuogopa, yalipita kwa malori hadi bandari ya Mtwara na kwenda ng'ambo. Mgodi haukusogea hata mita moja. Bei ya mahali pengine ndiyo iliyousogeza, na inaweza kuurudisha. Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga, ni wilaya tangu 2012, lami imefika majini, na bandari ya Mbamba Bay inajengwa upya kwa matumaini ya mizigo ya Malawi.

Bandari hiyo ikikamilika, mwanauchumi atahesabu tani na kutuambia kama fedha imerudi, na tunahitaji atuambie ukweli hata usipopendeza. Mwanajiografia inabidi akae gatini ahesabu kingine: kama mama anayekausha dagaa Liuli anapata nafasi melini au anaangalia makontena yakipita, kama maharage ya ngoro yanavuka ziwa kwa bei nzuri au mahindi ya ng'ambo yanayashinda, kama viwanja vya ufukweni bado ni vya wenyeji. Hesabu zote mbili zinaweza kufanywa mwaka uleule, kwenye gati moja. Lakini aliyeachiwa kufanya yake peke yake ndiye atakayeandika kwamba Mbinga iko mbali, na wanaosoma ripoti yake huko Dodoma wataamini kwamba imekuwa hivyo siku zote.